Kichaka Alichopandiwa Butoyi

Nyie vijana mnaouza miche pale Mwanga, katikati ya Kigoma na Ujiji, kando ya barabara, juzi mliniona nimesimama mbele ya viriba vyenu nimekunja uso, mkadhani bibi kachanganyikiwa na jua. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nawatazama mnavyokata mashina ya ua la kipepeo kwa makasi, mabichi, ya kijani kabisa, eti ua likishanyauka basi shina halina kazi. Mmoja wenu akaniambia, "Shikamoo bibi, karibu, yapo na ya plastiki." Nikajiondokea. Nyumbani mjukuu wangu akasema, bibi andika, ukisema barabarani hawakusikii kwa pikipiki. Haya, naandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini katika mji huu hakuna aliyegusa ua hilo mara nyingi kuliko mimi. Mkimpata, mleteni.

Kwanza mjue mnachouza. Wenye vitabu wanaliita airisi. Sisi tuliliita ua la kipepeo, na ulimi wangu haujazoea jingine. Mzee Bilali, aliyenifundisha kazi, alisema asili yake ni misitu ya milimani ya Afrika hii hii, halikuja na meli, kwa hiyo tusiliogope wala tusilidekeze. Likiwa na maua hata mtoto atalitambua. Lina vipande vitatu vikubwa vyeupe, kila kimoja na doa la njano, kama mtu kachovya kidole kwenye mawese akajipangusa hapo, na katikati vijani vya zambarau vimesimama. Linafunguka asubuhi, jioni limekwisha, limejikunja kama karatasi iliyoloa. Halafu kichaka kinakaa kimya, siku zinapita mpaka unakisahau, mara vichaka vyote vinafungua asubuhi moja kama watu walioitana msibani.

Shughuli ni pale lisipokuwa na ua. Majani ni marefu, magumu, ya kijani mwaka mzima, hata mwezi wa nane mlima wote ukiwa rangi ya ngozi ya mbuzi. Mtu akiyaona kwa mbali anasema mchaichai, au anasema majani tu. Usitazame kwa mbali. Inama, shika chini kabisa, yanapotokea ardhini. Mchaichai chini ni mviringo, umejizungushia, na ukiufikicha unanukia. Hili chini ni bapa, jani limelalia jani kama kurasa za kitabu kilichofungwa, kisha juu yanatawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Fukua kidogo. Hukuti kitunguu, unakuta shina linatambaa kama tangawizi, limevaa nyuzi za kahawia za majani ya zamani. Vidole vyangu vinajua hiyo alama bila macho, na siku moja ilibidi vifanye kazi bila macho.

Msione naeleza sana. Nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni kule juu upande wa Kigoma, bustani yake inateremka kuelekea ziwani, na njia ya magari imepandwa ua la kipepeo pande zote mbili. Mpishi mpya akaja, kijana wa maneno mengi. Asubuhi yake ya kwanza akashuka na kisu, akakata fungu zuri la majani ya njiani, akachemsha chai. Wageni wakanywa kwa adabu. Mmoja akasema chai ya Kigoma ina ladha ya paa la nyumba. Mwingine alishinda chooni. Mzee Bilali akamwita mpishi pale njiani, akampa jani mkononi, akamwambia afikiche anuse. Yule akafikicha, akanusa, akasema, "Halinuki kitu, mzee." Mzee akamwambia, "Sasa ulikuwa unamnywesha nini mgeni wa watu?" Tangu hapo jikoni wakamwita Chai Paa, na jina halikumtoka mpaka alipohama. Kwa hiyo msipande ua hili karibu na mchaichai, na atakayelinunua mwambieni haliliwi. Mbuzi wenyewe wanalipita.

Mzee Bilali alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, kofia ya kiua haimtoki kichwani, mtu asiyegombana na watu bali na mimea. Atasimama mbele ya kichaka kilichokataa kuchanua akisema nacho, wewe mvivu, unakula samadi yangu bure. Siku niliyotaka kukata shina lililokwisha angusha ua, kama mnavyokata nyie, alinishika mkono.

"Zaituni, umeolewa?"

"Nimeolewa, mzee."

"Umezaa?"

"Mmoja, Hamisi."

"Basi umeshazaa. Tukukate?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanionyesha ncha ya lile shina, pale ua lilipodondoka, pana vijicho vidogo vya kijani vimejificha. Shina lile lile litachanua tena, mvua hii na ijayo na nyingine baadaye. Ukilikata umelikatia maua ya miaka. Likiwa la kahawia, limekauka mpaka linavunjika kwa kidole, hapo liondoe. Likiwa kijani liache. Hili ndilo lililonikunja uso pale kwenu.

Sasa nawaeleza na lile ambalo sikuwa nimepanga kueleza, maana bila hilo mtadhani nagomba kwa ajili ya vijiti.

Mliozaliwa baadaye miaka ya wakimbizi mnaisikia tu. Mimi niliiona nikiwa na keni ya kumwagilia mkononi, maana kutoka bustani ile ziwa lote liko chini yako. Unainua macho, maboti yanakuja kutoka kaskazini, yamejaa watu mpaka maji yanalamba ukingo. Kilichonitisha ni ukimya. Boti lenye watoto wengi vile, na hakuna anayelia. Waliwekwa kwanza kwenye kiwanja kitupu nje ya mji, chini ya maturubai, wakisubiri kupelekwa makambini. Kuhara kukaingia mle. Nyuma ya maturubai palikuwa na mteremko wa kokoto, na huo mteremko ukawa makaburi, mengi yakiwa mafupi.

Daforoza alipanda kwetu kuomba kazi ya kubeba maji. Mwanamke wa Burundi, mrefu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anakwenda misani, na mgongoni binti yake wa mwisho, Butoyi, ambaye alikuwa bado hajasema maneno mawili yakaungana. Mama yangu mimi ni Muha, kwa hiyo Daforoza akisema Kirundi chake na mimi Kiha changu tulikutana katikati. Mzee Bilali hakumwuliza karatasi. Alimwuliza kama anaweza kubeba ndoo mbili bila kumwaga. Akasema, "Ego," ndiyo ya kwao. Akabeba, hakumwaga. Butoyi alikaa mchana kutwa katikati ya vichaka vya njiani, anachuma maua yaliyonyauka jana, anayapanga juu ya mguu wake. Hakuna aliyemfukuza. Mzee alisema huyo ndiye mfanyakazi peke yake anayeondoa kilichokufa na kuacha kilicho hai.

Ugonjwa ulimchukua Butoyi haraka. Asubuhi mama yake hakuja kazini, na mchana nilishuka kwenye maturubai, nikakuta wameshamfunga kwenye kitenge. Mimi Mwislamu, wao Wakatoliki, nilisimama nyuma wakasali sala zao nami nikasema zangu kimoyomoyo. Wakamchomekea msalaba wa vijiti vya mkaratusi. Wiki haikwisha, msalaba haupo. Msiwalaumu. Mtu mwenye sufuria ya maharage mabichi na watoto wanaomtazama hana macho ya kusoma jina kwenye kijiti. Daforoza akapanga mawe. Mawe nayo yakaondoka, matatu matatu, yakawa mafiga. Akanijia bustanini, hajalia hata kidogo, akasema:

"Dada Zaituni, nipeni kitu kisicholiwa, kisichochomwa, na kisichokufa."

Mzee Bilali alisikia. Akachukua jembe mwenyewe, akaenda njiani, kwenye kile kichaka alichopenda kukaa Butoyi, akakitoa kizima.

Haukuwa msimu. Ua hili linapandwa mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, si kiangazi. Tulifanya tulivyoweza. Ukihamisha kichaka kata majani nusu, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kulisha marefu. Mizizi isikauke hata kidogo, ifunge kwenye gunia lililoloa. Usizike shina la chini kwa kina, lisitiri tu kwa udongo, linataka kusikia jua. Kwenye kokoto changanya samadi iliyooza, mbichi itaunguza. Na maji ya kuoshea dagaa, ambayo sisi tuliyatumia bustanini maana maua yanayapenda, hayo Mzee alitukataza kwa macho tu. Bustanini maji ya dagaa yalituletea paka, wanafukua. Pale mteremkoni kulikuwa na mbwa. Basi Daforoza akabeba maji matupu kutoka ziwani, anapanda nayo kila jioni baada ya kazi.

Likanuna. Mjue hivyo ili msiwadanganye wateja, ua hili ukilihamisha linanuna mvua nzima, majani ncha zinakauka, unadhani umeliua. Daforoza alikuja kunieleza hali yake kama mtu anayeeleza hali ya mgonjwa. Mvua za mwaka uliofuata likatoa shina, na asubuhi moja akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimemwanguka mabegani, akasema limefungua. Nikaenda naye. Ua moja, jeupe, juu ya kokoto. Alikaa nalo mpaka jioni lilipojikunja. Hapo ndipo nilimwona analia, na sikumnyamazisha.

Wengine wakaona. Mama mmoja akamwomba kipande, naye ana mtoto pale pale mteremkoni, msalaba umekwenda kama wa mwenzake. Daforoza akagawa. Kugawa ni hivi: unachimba kichaka chote, unakipasua kwa panga au kwa mikono ukiweza, kila kipande kiwe na majani yake na kipande cha shina la chini na mizizi. Mbegu pia zinaota, unazichuma kile kitumba chenye pembe tatu kikianza kupasuka, lakini utangoja miaka kuona ua, na mama aliyefiwa hana subira hiyo. Kila mvua zilipoanza wakaja wengine, na kila mvua akagawa. Wakati huo alikuwa amehamia kwangu Rusimbi, chumba cha uani, wenzake wengi walishapelekwa makambini. Aliyepelekwa kambini alimwachia maneno, unitazamie na wangu. Akawa anawatazamia wote.

Mzee Bilali alimwonya siku moja, kwa upole ambao hakuwa nao kwa mimea. "Mama Butoyi, kichaka unachokipasua kila mvua hakinenepi."

Daforoza akasema, "Kisinenepe, mzee. Alikuwa peke yake, sasa ana wenzake."

Miaka ikaenda. Kisha ikaja habari kwamba mwanawe mkubwa wa kiume, aliyepotezana naye njiani wakati wa kukimbia, yuko hai kwao mlimani, anaishi na mjomba. Na watu walikuwa wameanza kurudishwa, malori yanapangwa. Daforoza akajiandikisha. Mle uani nikasikia anaimba akifua, jambo nililokuwa sijalisikia tangu nimjue. Kitu kimoja tu kilimzuia usingizi. Alitaka kuondoka na chipukizi la Butoyi, alipande kwao, mahali ambapo yule kaka ataweza kusema hapa ndipo dada yangu. "Yule yuko hai, huyu yuko hapa," aliniambia. "Siwezi kwenda kwa mmoja mikono mitupu." Tulikubaliana tutalichimba siku ya mwisho, mizizi isikauke.

Siku ile tulipanda mteremko baada ya chakula cha mchana, lori lake ni kesho asubuhi. Nilibeba gunia lililoloa, yeye kibeleko cha zamani, kitambaa alichombebea Butoyi mgongoni. Tulipofika juu tukasimama.

Palikuwa peupe. Ilisemwa wakubwa watapita kuangalia sehemu zile kabla watu hawajarudishwa, vijana wa mtaa wakaitwa kufanya usafi, nao waliufanya kwa moyo. Nyie mnajua usafi wetu huku. Ua wa mwanamke mwenye akili hauna jani hata moja, ni udongo umefagiliwa, kwa sababu nyoka hapati pa kujificha. Ndivyo mama zao walivyowalea, nami Hamisi nilimlea hivyo hivyo. Wakafyeka kila kitu mpaka ardhini, wakafagia, wakarundika pembeni, wakachoma. Mvua za miaka zilikuwa zimeshasawazisha vilima vya makaburi. Ulikuwa mteremko mmoja wa kokoto, umechorwa mistari ya fagio, na moshi kidogo pembeni.

Daforoza akasema taratibu, "Nilimwacha hapa." Kisha akasogea hatua chache. "Au hapa."

Nikapiga magoti. Nilimwambia asubiri, hili halifi kwa fyekeo, shina lake liko chini, ndiyo maana tulilichagua. Nikaanza kupapasa kokoto kwa vidole. Kila kisiki nilikishika chini. Hiki mviringo, majani ya porini tu. Hiki kina kitunguu, si chenyewe. Jasho lilikuwa linaniingia machoni nikayafumba, nikaviachia vidole kazi. Kisha nikagusa kitu bapa, jani limelalia jani, kimekatwa sawa na ardhi. Nikafukua, tangawizi na nyuzi zake. Nikamwita, akaja akaanguka magoti kando yangu, akaweka kiganja juu.

Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshagusa kingine.

Na kingine juu yake. Na kule chini kingine. Nilitambaa na kukuta, nikatambaa na kukuta, na kila nilichokuta ni kile kile, maana vyote ni kichaka kimoja kilichopasuliwa. Havina tofauti ya jani wala ya mzizi, hata Mzee Bilali asingevitenganisha. Nikasema moyoni, cha kwanza kitakuwa kikubwa kuliko vyote, kimekaa miaka mingi zaidi. Nikarudi kuvipima kwa viganja. Vyote sawa. Kile cha Butoyi ndicho kilichopasuliwa kila mvua kuwapa wengine, kikabaki saizi ya walichopewa.

Daforoza aliona naelewa kabla sijasema.

"Hakuna kikubwa," akasema.

"Hakuna, ndugu yangu."

Alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyokaa matangani. Akatazama kokoto muda mrefu. "Nimemgawa mpaka nimempoteza," akasema. Vijana wawili wa usafi walipita na fyekeo mabegani, wakatuamkia kwa heshima, wakatuuliza tumepoteza nini watusaidie kutafuta. Niliwaambia hakuna kitu.

Kisha akainuka, akapangusa nguo, akachukua panga langu. Akaenda kwenye kisiki cha kwanza, akapasua kipande kidogo, akakiweka kwenye kibeleko. Akaenda cha pili. Nikamfuata nikimwambia, Mama Butoyi, ni vingi, lori limejaa watu na magodoro, utavibebaje. Hakugeuka.

"Mmoja wao ni wangu," akasema. "Hao wengine mama zao walisema niwatazamie. Niwaache kwa nani?"

Basi nikamsaidia. Alipasua, nami nikawa nafunika jeraha kwa udongo na kuloweka mizizi. Tulipomaliza akakifunga kile kibeleko, akainama mbele, akakirusha mgongoni, akafunga fundo kifuani, na mkono wake ukaenda nyuma wenyewe kukitikisa kidogo, vile mnavyowaona mama zenu. Asubuhi alipanda lori akiwa hivyo hivyo. Mwanamume mmoja akamwambia ashushe mzigo apate nafasi, naye akamwambia si mzigo.

Sikupata habari zake tena. Sijui kama vilishika, sijui kama alimkuta yule mwanawe. Mzee Bilali alishafariki, yuko Ujiji, na kichaka cha kichwani pake nilikipanda mimi. Mteremkoni visiki vilichipua mvua zilipokuja, kama nilivyosema. Niliendelea kwenda kuvitazama, maana na mimi niliachiwa, mpaka magoti yalipokataa ule mlima.

Sasa natafuta mtu wa kumwachia, ndiyo maana nawaandikia nyie na si wengine. Mnajua panga, mnajua viriba, na sasa mnajua kushika chini kabla ya kusema ni majani. Pandeni mteremko ule mvua zikianza. Palilieni kwa mkono, na wakija wa usafi waambieni pale pana makaburi. Mashina ya kijani msikate. Na mkimkuta mtu mgeni amesimama kwenye kokoto, anatazama chini, anasogea hatua chache kisha anarudi, msimwulize amepoteza nini. Lowesheni gunia, mpasulieni kipande kutoka kila kichaka, mmfungie avibebe vyote.